Ganzi ya Kidevu Ipimwe

Huku Karagwe na Kyerwa tunasukuma ndizi kwa baiskeli milimani. Mtu akianguka akaumia taya, tusitazame damu tu. Tumwulize: je, mdomo wa chini na kidevu vina ganzi? Kama vina ganzi, huenda taya limevunjika. Apelekwe hospitali, kama ya Nyakahanga au Isingiro.

Ndani ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu, mmoja kila upande. Mshipa huo hutufanya tuhisi mdomo wa chini, kidevu na meno ya chini. Ukiumia, mtu aweza kujiuma au kuungua kwa uji bila kujua.

Tabibu hupima hivi. Mgonjwa hufumba macho. Tabibu humgusa kwa pamba, kulia na kushoto. Kisha humgusa kwa ncha kali na ncha butu. Mgonjwa husema anavyohisi. Majibu huandikwa, yalinganishwe na ya baadaye.

Ganzi ya sindano ya kung'olea jino huisha baada ya saa chache. Ikiendelea hadi kesho yake, rudi hospitali. Ganzi isiyo na sababu yaweza kuwa dalili ya saratani. Usingoje maumivu. Penye ganzi huenda pasiume.