Mtoto Baada ya Miezi Tisa: Maneno kwa Akina Mama wa Nairobi

Mama aliyejifungua katika jiji la Nairobi huijua njia ya kliniki vizuri sana katika miezi ya kwanza. Mtoto akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Akitimiza majuma 6, 10 na 14 hurudishwa kwa chanjo za kuzuia dondakoo, kifaduro, pepopunda na maradhi mengine. Na akitimiza miezi 9 huchomwa sindano ya surua na rubela. Baada ya siku hiyo akina mama wengi hukiweka kijitabu cha kliniki sandukuni, wakidhani kwamba kazi imekwisha mpaka mtoto augue. Dhana hiyo si ya kweli, nayo yaweza kumpotezea mtoto uhai wake. Twataka kueleza hapa mambo ambayo mtoto anayahitaji tangu mwezi wa 9 hadi atakapoanza shule, na mahali ambapo mama wa Nairobi aweza kuyapata, kwa kuwa mengi hayana malipo, na mengine hayahitaji zaidi ya nauli na kiingilio kidogo.

Jambo la kwanza ni sindano ya pili ya surua, ambayo hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Watu huuliza, "Ikiwa amekwisha kuchomwa, ya pili ni ya nini?" Jibu ni hili. Mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyoipokea katika damu ya mama yake. Kinga hiyo humlinda katika miezi ya mwanzo, lakini masalio yake huweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake kamili, kama mlinzi wa zamu ya usiku asiyetaka kumwachia mwenziwe lango. Kwa hiyo, katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, wapatao 15 hawapati kinga ya kutosha, wala hakuna awezaye kuwatambua kwa kuwatazama. Sindano ya pili ndiyo inayowafikia hao. Kenya iliiingiza katika utaratibu wake wa chanjo mwaka 2013, na kwa sababu hiyo nyanya wa mtoto, na hata mama mwenye watoto waliokwisha kuwa vijana, husema kwa haki kabisa kwamba wakati wao haikuwako. Lakini kutokuwako kwake zamani si hoja ya kuikataa.

Tena surua si upele tu wa kupaka dawa na kungoja upone. Ni ugonjwa unaoenea kwa hewa, na katika nyumba ya chumba kimoja, au katika ploti yenye milango kumi inayotazamana, mgonjwa mmoja huwapata watoto wengine wote wasio na kinga. Huingia mapafuni, huleta kuhara, na huweza kuyaharibu macho, hasa ya mtoto aliyepungukiwa na vitamini A. Hapo ndipo mama aonapo kwa nini wauguzi hawaachi kuuliza habari za vitamini hiyo. Matone yake hutolewa tangu mtoto ana miezi 6 hadi atimize miaka 5, mara moja kila miezi sita, na akiisha kutimiza mwaka mmoja hupewa pia dawa ya minyoo kwa kipindi hicho hicho. Mwezi wa Mei na wa Novemba ndiyo miezi iliyozoeleka kwa kampeni ya Malezi Bora, ambapo wauguzi huwatafuta watoto hata katika shule za chekechea.

Kliniki pia humpima mtoto uzito, na uzito huandikwa katika kijitabu kwa alama zinazounganishwa kuwa mstari. Mama asiye na habari hutazama kilo peke yake. Yafaa autazame mstari: ukipanda, mtoto anakua, ukilala kama barabara ya tambarare kwa miezi miwili, kuna shida, hata kama mashavu bado yamejaa. Upo pia utepe wa kupimia mkono wa juu, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Rangi ya kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, ni salama. Rangi ya manjano ni onyo. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni mtoto wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mwaka 2023 serikali iliwagawia wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 nchini mikoba ya vifaa vya kazi, na mama aliye mbali na kliniki aweza kumwuliza mhudumu wa mtaa wake ampimie mtoto nyumbani.

Kuhusu chakula hatutasema mengi, maana kila mama amekwisha kuyasikia. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa juu ya kijiko, nao utiwe njugu zilizosagwa, au yai, au omena waliopondwa. Ila chai tungeomba iondolewe mbele ya watoto wadogo. Chai inywewapo pamoja na chakula huizuia damu isipate madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, na mtoto aliyeshibishwa chai na mkate asubuhi hana nafasi tumboni kwa kitu cha maana zaidi.

Sasa tuje kwa mama anayefanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 huwataka waajiri wote waweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Wengi wa akina mama wetu, hata hivyo, huuza mboga au hufua nguo za watu, na hawana mwajiri wa kumdai chumba. Hao huwaacha watoto kwa mlezi wa mtaani, ambaye hulipwa kwa siku. Hatuwalaumu hata kidogo. Lakini twawasihi wakitazame chumba kabla ya kumwacha mtoto. Je, dirisha lafunguka? Jiko la makaa huwashwa ndani watoto wakiwa wamelala? Moshi wa makaa usioonekana huua bila kelele. Watoto wote hulazwa mchana kutwa, au huimbiwa na kuchezeshwa? Mlezi akikataa mama asiingie ndani, hiyo peke yake ni sababu ya kumtafuta mwingine.

Mtoto huhitaji pia kuzungumziwa na kuonyeshwa ulimwengu, na hapa mji una mali ambayo wakazi wa Eastlands hawaitumii ipasavyo. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi mwaka 1958 Waafrika hawakuruhusiwa kuingia. Leo ni ya watu wote, na ina matawi mawili, moja Kaloleni na moja Makadara, ambayo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limeyakarabati kwa kushirikiana na serikali ya jiji. Mama asiogope kwamba mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma, wala asiogope ikiwa yeye mwenyewe husoma kwa shida. Afungue kitabu cha picha, amwambie mtoto kwa lugha ya nyumbani, "Huyu ni nani? Anafanya nini?" Mtoto huyajua maneno kwa kuambiwa, na mengi huyapata kabla ya mwalimu wa kwanza hajamwona. Karani wa maktaba ataeleza siku za kusomewa hadithi.

Siku ya Jumapili, mama asiye na fedha aweza kumpeleka mtoto katika bustani ya Jeevanjee, ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa mji mwaka 1906, na isiyo na kiingilio. Mwenye fedha kidogo aende Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribia miti, ambako mtoto atakimbia nyasini bila kuogopa pikipiki. Huko City Park wako kima wengi, nao ni furaha ya watoto. Bali ndizi isibebwe mkononi, maana kima hawaombi. Na katika Makumbusho ya Taifa limesimama sanamu la Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais mwaka 1970 na kufa mwaka 1974. Mtoto aliyesimama chini ya pembe zile hasahau upesi.

Safari hizi ni nyepesi zaidi akina mama wakiwa wengi. Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mwaka 1952 vilifundisha ushonaji na malezi, na chama cha leo chenye akina mama kumi na wawili chaweza kuweka akiba ndogo ya nauli za watoto, na kupanga zamu ya kwenda kliniki ili anayeuza sokoni asipoteze siku nzima.

Mama ambaye mtoto wake amepita miezi 18 bila sindano ya pili asione haya kurudi, kwani hutolewa hata kwa aliyechelewa. Aende na kijitabu chake. Kama kimepotea, aende vile vile kwa kituo alikochanjiwa mtoto, atafutiwe katika daftari la wauguzi na kupewa kingine.