Busta ya breki kwenye Land Rover ya zamani: kagua dramu kwanza

LAND ROVER ya zamani iliyopakia mikungu ya ndizi kutoka Nkoaranga au Akheri kwenda soko la Tengeru siku ya Jumamosi haina shida ya kupanda mlima. Shida yake ni kusimama. Dereva hukanyaga pedeli kwa uzito wake wote, mgongo ukiwa umejikaza kwenye kiti, na gari likapunguza mwendo taratibu kama halitaki. Siku barabara ikiwa na utelezi na mbele kuna bodaboda imekatisha ghafla, mita chache zinazopungua hapo ndizo zinazoamua kama mzigo utafika sokoni.

Ndiyo maana katika gereji za Njiro, jijini Arusha, wenye magari haya huja na ombi moja: wafungiwe busta, ili breki iwe laini kama ya gari la kisasa. Arusha ina magari ya utalii mengi, na yanapochakaa hukatwa na kuuzwa vipande, hivyo busta iliyotumika haipatikani kwa shida kama mikoa mingine. Kazi yenyewe inawezekana na si ya ajabu. Wanaoumia ni wale wanaoifunga bila kuelewa inafanya nini.

Land Rover ilianza kuonyeshwa mwaka 1948. Zile zinazoonekana zaidi mashambani ni Series II ya mwaka 1958 na kuendelea, na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nyingi za aina fupi, yaani 88, zilitoka kiwandani bila busta. Nguvu yote ya kusimamisha gari ilitoka mguuni. Baadhi ya 109, hasa za injini ya silinda 6, zilikuwa nayo.

Busta ni kopo la bati la mviringo lenye mpira mpana katikati. Upande mmoja wa mpira huunganishwa kwa hosi na injini, ambayo hunyonya hewa. Dereva akikanyaga, hewa ya nje huingia upande wa pili na kuusukuma mpira, na msukumo huo ndio unaoongeza nguvu kwenye masta silinda. Kwa hiyo anayesaidia mguu ni hewa ya kawaida inayotuzunguka.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa spea hawalisemi. Hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Njiro iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa huku ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Busta yenye kipenyo cha sentimeta 20 kwenye injini ya petroli inayoweza kutoa msaada wa zaidi kidogo ya kilo 200 kule pwani, huku hutoa kama kilo 170. Ukipanda hadi ukingo wa Ngorongoro, hupungua zaidi. Anayetaka kubana matumizi kwa kuokota busta ndogo ya gari dogo la abiria akaifunga kwenye 109 inayobeba magunia ya mahindi, atakuwa amenunua pambo.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba busta haiongezi breki. Inaongeza mguu. Kama lainingi zimekwisha, au sili ya ekseli imepasuka na oili ya difu imelowesha lainingi za nyuma, gari halitasimama hata likifungiwa busta mbili. Mafundi wenye uzoefu huanza kwa kufungua magurudumu yote manne. Dramu iliyochongwa mara nyingi mpaka imekuwa nyembamba hubadilishwa. Silinda za magurudumu zinazovuja hubadilishwa au kuwekewa mipira mipya. Halafu breki hukazwa: dramu za Land Rover hizi hazijirekebishi zenyewe, na nati za kurekebishia zilizo nyuma ya bamba la breki mara nyingi zimeshika kutu, kwa hiyo fundi mvivu huziacha zilivyo. Pedeli inayokwenda chini sana kabla ya kushika mara nyingi inalilia kukazwa tu, kazi ya saa chache isiyodai kununua kifaa chochote.

Wapo waliofika gereji wakitaka busta, wakafanyiwa haya tu, wakaondoka wameridhika. Mwenye 109 ana nafasi nzuri zaidi ya kuridhika hivyo, kwa kuwa dramu zake ni za inchi 11, na za mbele zina shuu mbili zinazojivuta zenyewe gurudumu linapozunguka. Ile 88 ina dramu za inchi 10.

Baada ya hapo ndipo busta iingie. Njia ya kwanza ni kuchukua seti kamili kutoka Series III iliyokuwa nayo: pedeli na kasha lake, busta, na masta silinda. Vyote vitoke gari moja. Pedeli ya gari lisilo na busta haina vipimo sawa na ya gari lenye busta, na kuchomelea vipande ili vilingane ni hatari ambayo haifai kuvumiliwa. Pedeli ikikatika mlimani hakuna fidia. Njia ya pili ni busta ya kando, inayofungwa popote penye nafasi na kuunganishwa katikati ya paipu ya breki inayotoka masta silinda. Hiyo haigusi pedeli kabisa, na ikiharibika breki hurudi kuwa kama zamani, nzito lakini zipo.

Kwa injini ya petroli, mvuto hupatikana kwenye menifodi ya kuingizia hewa, na katikati ya hosi lazima pawe na valvu inayozuia hewa isirudi. Hosi yenyewe iwe ngumu, ya kazi hiyo. Hosi ya maji hunyonywa ikabanana kama mrija wa soda, na busta ikabaki haina kazi.

Dizeli ni habari nyingine. Injini ya dizeli ya kawaida haina kizuizi cha hewa kwenye menifodi, hivyo hainyonyi vya kutosha. Inahitaji pampu yake. Wanaobadilisha injini na kuweka za Toyota kama 2L au 3L hukuta pampu hiyo nyuma ya alteneta, ikipata oili kutoka kwenye injini. Ni mpango mzuri, ila mkanda mmoja ukikatika, chaji na msaada wa breki huondoka pamoja. Mwenye injini hiyo na abebe mkanda wa akiba.

Tena, Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki. Busta inasukuma kwa nguvu zaidi kupitia paipu zile zile za miaka 40 na zaidi, kwa hiyo zilizoliwa na kutu zibadilishwe. Anayefungua kila kitu kwa ajili ya busta anaweza pia kutafuta masta silinda ya njia mbili kutoka Series III za miaka ya mwisho. Gharama huongezeka, lakini ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote hapo. Maji ya sabuni na oili ya injini visiingie humo kamwe: oili huvimbisha mipira, na maji huchemka kwenye joto la mteremko mrefu, pedeli ikazama.

Tabia ya dereva nayo ibadilike. Wapo wanaozima injini na kuteremka nyutro kutoka Poli ili kuokoa mafuta. Injini ikiwa imezimwa, busta ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Baada ya hapo pedeli inakuwa jiwe, tena mbele ya mtu aliyekwisha kuzoea breki laini. Gari literemke kwenye gia. Na kwa 88 tupu kwenye tope, mguu uwe mwepesi, kwa sababu magurudumu yatajifunga mapema kuliko alivyozoea.

Kabla ya kulipa fundi, kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu. Shikilia mguu hapo hapo, washa injini. Pedeli ishuke kidogo yenyewe. Isiposhuka, busta haifanyi kazi, hata kama imepakwa rangi mpya. Baada ya wiki chache, angalia tena chupa ya mafuta ya breki: yakipungua bila tone kuonekana nje na moshi mweupe ukatoka ekzosi, masta silinda inavujia ndani ya busta na injini inayanywa.