Breki ya Mkono Isiposhika, Anza Kwenye Gurudumu

Wakulima wengi wa skimu wana gari siku hizi, na mara nyingi gari lenyewe ni pikapu kuukuu iliyokwisha kupitia mikono ya watu wanne au watano kabla ya kufika shambani. Injini hutunzwa, maana ikifa safari imekwisha. Breki ya mguu nayo hutunzwa, maana kila mtu huiogopa. Lakini breki ya mkono huachwa vivi hivi mpaka siku inapokataa kabisa kushika, na hata siku hiyo mwenye gari huokota jiwe, akaliweka chini ya tairi, akaenda zake sokoni.

Jiwe si baya, na tutalirudia. Lakini mwenye kupeleka mazao Busia au Malaba afikiri ni nani wanaopita nyuma ya gari lake. Mjini Busia ndiko neno boda boda lilikoanzia, wakati watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka forodha ya upande huu hadi ya upande wa pili. Sasa ni pikipiki, nazo hujipenyeza popote penye nafasi ya mguu mmoja. Kuna akina mama wenye vikapu vya nyanya na omena. Tena kuna wafanyabiashara wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu ziendeshwazo kwa mikono. Mtu wa baiskeli hiyo amekaa chini, dereva hamwoni kwenye kioo, na gari likianza kurudi nyuma hawezi kuruka kando.

Huko Malaba jambo ni lile lile kwa namna nyingine. Malori yaendayo Uganda hupanga foleni ndefu. Mwaka 1 wa ugonjwa wa korona, yaani 2020, foleni hiyo ilirudi nyuma kilomita nyingi kuelekea Bungoma. Mkulima atokaye Naitiri, Ndalu au Tongaren na magunia yake hujikuta kati ya malori, anasogea hatua kumi, anasimama, anasogea tena. Mguu ukichoka huvuta breki ya mkono. Hapo ndipo hugundua kama anayo au hana.

KOSA LA KUKAZA WAYA

Breki ya mkono ikilegea, watu wengi hufanya jambo moja tu. Fundi wa kando ya njia huingia chini ya gari na spana, akatafuta nati iliyo mwisho wa waya, akaikaza. Kazi ya dakika tano. Mpini unakuwa mgumu, mwenye gari anafurahi, analipa. Baada ya majuma mawili breki imelegea tena, na safari hii nati imefika mwisho wa nyuzi zake.

Sababu yake si ngumu. Katika pikapu nyingi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Ndani ya kila gurudumu mna dramu ya chuma inayozunguka pamoja na tairi, na ndani ya dramu mna viatu viwili vya breki, umbo lake kama mwezi mchanga, vilivyobandikwa lainingi, yaani ile ngozi ngumu inayosugua chuma. Ukivuta mpini, waya huvuta mkono mdogo ulio ndani ya dramu, nao husukuma viatu vipanuke na kuibana dramu. Lainingi huisha kidogo kidogo. Kadiri inavyoisha, nafasi kati ya kiatu na dramu huzidi, na waya hulazimika kuvuta mbali zaidi kabla ya kiatu kugusa chochote.

Basi ubaya umo ndani ya dramu. Ukikaza waya badala ya kusogeza viatu, unaufanya ule mkono mdogo ukae umevutwa nusu siku zote. Viatu haviwezi kurudi mahali pake. Katika magari ambayo viatu hujisogeza vyenyewe kadiri vinavyoisha, kile kifaa cha kuvisogeza nacho huacha kufanya kazi, na punde si punde hata breki ya mguu huanza kwenda chini sana. Ndiyo maana tunasema uanze kwenye gurudumu, na waya uwe wa mwisho.

KULIINUA GARI

Weka gari mahali tambarare na pagumu, si kwenye udongo uliolimwa wala majani mabichi. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, maana sasa utaiachilia breki ya mkono na gia itakuwa huru. Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua. Inua kwa jeki chini ya ekseli, kisha teremsha ekseli juu ya stendi za chuma, au juu ya magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana. Usitumie matofali ya saruji yenye matundu. Hupasuka bila kutoa onyo. Wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa kuokota spana iliyoanguka. Watoto wafukuzwe mbali kwanza.

Zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Likizunguka kwa wepesi bila sauti yoyote, na mpini unakwenda juu sana ukiuvuta, viatu viko mbali na dramu. Likiwa zito, kuna kitu kimegandamana, nao mara nyingi ni waya uliooza kutu au kiatu kisichorudi. Linganisha kushoto na kulia. Gari ambalo gurudumu moja linashika na jingine halishiki ni hatari kuliko mwenye gari anavyodhani, kwa kuwa likisimama juu ya majani mabichi au tope upande ule unaoshika huteleza, na hakuna wa kuusaidia.

Toa gurudumu, kisha dramu. Dramu ikikataa, usiipige kwa nyundo ya chuma, maana ni chuma cha kalibu na huweza kupasuka. Rudisha nyuma kirekebishi kwanza ili viatu vijikunje, ndipo uigonge taratibu kwa nyundo ya mti ukiizungusha.

Ndani utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huingia mapafuni na kuleta maradhi mabaya, pamoja na saratani, miaka mingi baadaye. Lilowanishe kwa maji, ulipanguse kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukitie katika mfuko na kukitupa.

Sasa tazama. Lainingi iliyogandishwa kwa gundi ikibaki chini ya milimita 1½ haifai tena. Iliyopigwa ribiti ibadilishwe kabla vichwa vya ribiti havijagusa dramu, la sivyo vitaichonga mifereji. Ukiona mafuta, tafuta yanakotoka. Mafuta mazito yenye harufu ya oili ya gia hutoka kwenye sili ya ekseli. Mepesi hutoka kwenye silinda ndogo ya breki iliyo juu ya viatu. Rekebisha mvujo huo, kisha badilisha viatu. Kuna watu huosha lainingi kwa petroli wakaichoma moto mafuta yatoke. Hushika vizuri siku mbili tatu, halafu joto hutoa mafuta yaliyojificha ndani, na breki hurudi ilivyokuwa. Viatu hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, na ukienda dukani chukua cha zamani mkononi ulinganishe, kwa sababu pikapu za jina moja na sura moja huweza kuwa na viatu tofauti.

KUREKEBISHA

Kirekebishi huwa ni gurudumu dogo lenye meno lililo kati ya viatu, ambalo hufikiwa kwa bisibisi kupitia tundu la bamba la nyuma, au ni kichwa cha mraba kinachotokeza nyuma ya bamba hilo. Safisha kutu kwa brashi ya waya na utie grisi kidogo sana kwenye nyuzi, ukijihadhari isiguse lainingi. Rudisha dramu. Zungusha kirekebishi mpaka gurudumu lishikwe lisiende. Kisha kanyaga breki ya mguu mara kadhaa ili viatu vikae katikati, jaribu tena, na ukaze tena kama limelegea. Halafu rudisha nyuma, jino baada ya jino, mpaka gurudumu lizunguke lenyewe. Msuguano mwepesi unaosikika kwa mbali si kitu. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.

Baadhi ya pikapu za Toyota hujirekebisha zenyewe mpini wa breki ya mkono unapovutwa. Mwenye gari la namna hiyo asiyevuta breki ya mkono kwa sababu ni mbovu, anazidi kuiharibu kwa kutoivuta.

Ndipo sasa tufike kwenye waya. Barabara zetu za murram ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na vyote viwili huingia ndani ya ala ya waya. Mtu mmoja avute mpini na kuuachilia, wewe utazame kule gurudumuni. Waya urudi upesi mpaka mwisho. Ukirudi kwa uvivu, tazama springi, viungo na vile vikono vidogo karibu na ekseli, ambavyo hugandamana kwa kutu. Viungo husaidiwa kwa mafuta na grisi. Lakini waya ulioanza kukatika nyuzi, au ulioganda ndani ya ala yake, ununuliwe mpya. Kuufunga fundo, au kuuongezea kipande cha waya wa seng'enge kama tulivyoona kwa macho yetu, ni kujidanganya.

Mwisho kabisa rekebisha nati ya waya. Vuta mpini kwa nguvu za kawaida na uhesabu milio ya meno yake. Kitabu cha gari ndicho chenye hesabu kamili; kama kitabu hakipo, katika gari lenye mpini kati ya viti ni kawaida kushika baada ya milio 4 hadi 7. Ule wa kuvuta chini ya dashibodi huwa na milio mingi zaidi. Uachilie mpini na uzungushe magurudumu yote mawili tena. Yakiwa mazito umekaza mno, rudisha. Kisha kaza nati ya kufungia.

Endesha kilomita chache na usimame bila kutumia breki sana. Sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma, usiguse. Upande ulio moto kuliko mwenzake unasuguana, na utakula petroli na lainingi zako mpaka uurekebishe. Kisha jaribu gari kwenye mteremko mdogo usio na watu wala mifugo, mguu ukiwa tayari juu ya breki, na mtu mzima amesimama kando, si mbele wala nyuma. Lijaribu likielekea juu, na likielekea chini. Lijaribu pia likiwa na mzigo, maana gari tupu huwa halisemi kweli.

LAND ROVER NI NYINGINE

Wenye Land Rover za zamani wajue kwamba breki yao ya mkono haiko magurudumuni. Iko kwenye dramu moja nyuma ya gia boksi, nayo hushika shafti iendayo ekseli ya nyuma. Kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki ikiwa imevutwa kabisa, gari bado laweza kuondoka, kwa sababu difu huliacha gurudumu lililo hewani lizunguke kinyume na lile lililo chini. Kabari ni lazima. Kirekebishi chake kiko kwenye breki yenyewe: kaza mpaka viatu vibane, kisha rudisha milio 2. Ikiwa haishiki hata hivyo, tazama kama oili ya gia boksi imevuja ndani ya dramu. Na breki hiyo isivutwe gari likiwa mwendoni, isipokuwa kwa hatari kubwa.

Magari yenye breki za sahani nyuma yana mtindo wake mwingine, nayo yafaa kupelekwa kwa fundi ayajuaye.

KUSIMAMA SOKONI

Breki nzuri haiondoi haja ya kabari. Ukielekea juu, tia gia ya kwanza. Ukielekea chini, tia ya kurudi nyuma. Geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa barabara. Gunia la kilo 90 linapotupwa nyuma ya pikapu huishtua, na breki iliyoshika gari tupu huachia wakati huo huo, wakati wapakiaji wamesimama nyuma. Basi kabari iwekwe kabla ya gunia la kwanza.

Chonga kabari mbili za mti mgumu, umbo la pembetatu, uzitoboe na kuzifunga kamba, zikae ndani ya gari. Ni bora kuliko jiwe, kwa sababu jiwe halina mwenyewe. Dereva huondoka akaliacha katikati ya njia, na usiku mwenye pikipiki hulikuta. Kamba ya kabari ifungwe kwenye mpini wa mlango wa dereva wakati gari limesimama, naye hataweza kufungua mlango bila kuikumbuka.

Pikapu itakayokaa shambani majuma mengi kati ya mavuno na mavuno isiachwe na breki ya mkono imevutwa, hasa ikiwa imeoshwa au imepita majini, kwa kuwa viatu hushikana na dramu kwa kutu. Iache tambarare, ndani ya gia, kabari mbele na nyuma. Siku ya kuiamsha, sogea polepole hatua chache ndani ya boma na ujaribu breki zote mbili kabla ya kutoka langoni.