Maji, Chokaa na Saruji: Kwa Nini Kuta za Kale za Iringa Huharibika

Jina la mji wa Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, lenye maana ya ngome. Ngome iliyosifika kuliko zote katika nchi hiyo ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, iliyozungushiwa ukuta wa mawe. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi ya Wajerumani yaliipiga kwa mizinga na kuiteka. Mgeni aendaye Kalenga leo huonyeshwa jumba dogo la makumbusho pamoja na mabaki machache ya ukuta. Ngome imetoweka, bali jina la ngome limebaki na mji.

Ni majengo machache sana yafayo kwa mizinga. Yaliyo mengi hufa polepole, bila kishindo, na adui wao mkubwa ni maji. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi maji hayo husaidiwa na mafundi wenye nia njema kabisa, ambao huupaka ukuta wa kale saruji wakidhani wanauimarisha. Makala haya yaeleza namna jambo hilo linavyotokea, na kwa nini mwanafunzi wa fizikia na kemia katika shule ya sekondari anayo tayari elimu ya kulizuia.

KUMBUKUMBU KANDO YA BARABARA

Msafiri atokaye Morogoro, akiisha kupanda milima ya Kitonga, hufika Ilula, mji mdogo unaojulikana kwa vitunguu na nyanya. Kutoka hapo hadi Iringa ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Hata hivyo katika kipande hicho kifupi cha njia mna somo zima la historia ya ujenzi.

La kwanza ni tembe, nyumba ya asili ya Wahehe na ya majirani zao Wagogo. Tembe ni nyumba ndefu ya pembe nne. Kuta zake ni za miti iliyokandikwa udongo, na paa lake ni bapa, la magogo yaliyofunikwa nyasi na udongo. Nyumba hiyo huwa na ubaridi mchana na joto usiku, kwa kuwa udongo mzito hupokea joto la jua taratibu na kulitoa taratibu. Katika nyanda za juu, ambako usiku wa mwezi wa Juni na Julai una baridi kali, hiyo si faida ndogo.

La pili ni Lugalo, kati ya Ilula na Iringa. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Wahehe yalipokishambulia na kukiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo. Wajerumani walijenga hapo mnara wa kuwakumbuka wenzao waliouawa. Yafaa msomaji aone jambo hilo vizuri: mnara huo uliwekwa na walioshindwa siku ile, kwa sababu wao ndio walioshika utawala baadaye. Mnara wa kumbukumbu haueleze tu lililotokea. Hueleza pia ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuchonga jiwe.

La tatu ni mji wa Iringa wenyewe, ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1896 juu ya mwinuko utazamao bonde la mto Ruaha Mdogo. Katikati ya mji mngali na majengo ya utawala wa Wajerumani, na jengo la ibada la Waismailia lenye mnara wa saa. Boma la Wajerumani, lililotumika kwa miaka mingi kama ofisi za serikali, lilikarabatiwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, kwa juhudi za mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa.

UKUTA HUNYWA MAJI

Tofali la kuchoma laonekana gumu na kavu, lakini ndani yake mna vinyweleo vingi mno visivyoonekana kwa macho. Mtu akichovya ncha ya kitambaa katika maji, maji hupanda yenyewe. Ndivyo yafanyavyo maji ya ardhini yanapougusa msingi wa ukuta: hupanda ndani ya vinyweleo kwa nguvu iitwayo na wanafizikia kapilari. Kadiri kinyweleo kilivyo chembamba, ndivyo maji yanavyoweza kupanda juu zaidi.

Majengo mapya huzuiwa jambo hili kwa kuweka tabaka lisilopenya maji kati ya msingi na ukuta. Majengo ya kale mengi hayana tabaka hilo. Basi iliwezekanaje yasimame miaka mia moja na zaidi? Jibu ni kwamba yalijengwa yaweze kupumua. Maji yaliyopanda kutoka ardhini, na ya mvua iliyopiga ukuta, yalitoka tena kwa njia ya mvuke kupitia lipu laini ya chokaa au ya udongo. Iringa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Katika miezi ya kiangazi inayofuata ukuta hupata nafasi ya kukauka. Kwa hiyo ukuta wa kale haukuwa mkavu daima. Ulilowa na kukauka kila mwaka, bila kudhurika sana.

Sasa na itazamwe hali ya ukuta huo baada ya kupigwa lipu nzito ya saruji. Maji yaendelea kupanda kutoka chini, lakini mlango wa kutokea umezibwa. Yakikosa njia ya kutokea pembeni, hupanda juu zaidi, mpaka yapate mahali pa kutokea. Udongo uliounganisha matofali hulainika. Hali kadhalika chumvi zilizoyeyuka katika maji ya ardhini husafiri nayo. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki na kufanya fuwele. Fuwele hizo zikikua ndani ya vinyweleo huusukuma ukuta kutoka ndani kwa nguvu kubwa, na tofali huanza kumomonyoka kama unga. Kwa nje hakuna kinachoonekana: saruji ni laini, safi, na pengine imepakwa rangi ya mafuta, ambayo nayo huzidi kuziba. Siku lipu inapobanduka, hubanduka pamoja na uso wa tofali.

CHOKAA NA SARUJI: NDUGU WASIOFANANA

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, au matumbawe kama wafanyavyo watu wa pwani, katika tanuru lenye joto la digrii 900 hivi za sentigredi:

CaCO3 → CaO + CO2

Mabaki yake huzimwa kwa maji, na hapo hutoka joto jingi:

CaO + H2O → Ca(OH)2

Chokaa iliyozimwa ikisha kupakwa ukutani hufyonza polepole kabonidayoksaidi ya hewani, ikarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Mzunguko huo huchukua miezi, hata miaka. Lakini jiwe linalozaliwa lina vinyweleo, hupitisha mvuke, na lina ulaini wa kutosha kufuata mwendo mdogo wa ukuta bila kupasuka vibaya.

Saruji iitwayo Portland, iliyopewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, huchomwa kwa joto kali zaidi ikiwa imechanganywa na udongo, nayo hugandishwa na maji, si na hewa. Hukauka upesi na kuwa ngumu sana. Sifa hizo ni njema kwa daraja, kwa ghorofa na kwa nyumba mpya. Hakuna sababu ya kuilaumu saruji kwa kazi iliyotengenezewa. Kosa ni kuivika juu ya ukuta dhaifu kuliko yenyewe. Ukuta wa udongo ukisogea kidogo, saruji haisogei nao, hupasuka. Maji huingia kwa urahisi katika ufa mwembamba, yakashindwa kutoka.

Kanuni ya warekebishaji wa majengo ya kale duniani kote ni fupi: kiraka kisiwe kigumu kuliko nguo. Tofali la udongo litengenezwe kwa udongo, na lipu ya chokaa kwa chokaa. Malighafi ya chokaa haiko mbali na Nyanda za Juu za Kusini: huko Songwe, karibu na Mbeya, chemchemi za maji ya moto zimeweka mawe mengi ya chokaa, na kiwanda cha saruji kilichoko huko huyatumia.

MINARA NA SANAMU

Kazi za sanaa zilizowekwa hadharani nazo zina magonjwa yake. Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya shaba nyeusi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Metali hiyo hujivika utando mwembamba unaoikinga, hivyo kuisugua mpaka ing'ae ni kuivua nguo yake.

Minara ya zege yenye nondo ina tatizo jingine. Ile kabonidayoksaidi iliyoigeuza chokaa kuwa jiwe huingia pia ndani ya zege, na kwa miaka mingi hupunguza hali ya alkali inayoilinda nondo. Nondo ikishika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege hupasuka kutoka ndani. Kupaka rangi mpya kila sherehe inapokaribia huficha ufa, lakini hakuuponyi.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib huko Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba la kale likiachwa lidhoofike, si historia peke yake iliyo hatarini, bali na watu pia.

SHERIA NA MWAKA 1863

Msomaji aweza kudhani kwamba sheria yatosha kuyalinda majengo hayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo huhesabiwa kuwa la kale bila shaka. Mpaka huo wazifaa ngome na misikiti ya pwani, kama vile magofu ya Kilwa. Lakini mji wa Iringa ulianzishwa miaka 33 baadaye, na tembe la udongo ni nadra kudumu muda mrefu kiasi hicho. Kwa hiyo majengo ya nyanda za juu hulindwa tu yanapotangazwa rasmi moja moja. Lisilojulikana halitangazwi, na lisilotangazwa laweza kubomolewa ili pajengwe duka.

JARIBIO KWA DARASA

Yachukuliwe matofali mawili ya kuchoma ya tanuru moja. Tofali la kwanza liachwe lilivyo. La pili lipakwe nta ya mshumaa iliyoyeyushwa katika pande zake nne ndefu, ila ncha zake mbili ziachwe wazi. Yasimamishwe yote wima katika sinia yenye maji ya kina cha sentimeta 2, yaliyokorogwa chumvi vijiko viwili kwa kila nusu lita. Maji yaongezwe kila yanapopungua.

Wanafunzi wapime kwa rula kimo cha unyevu katika tofali la kwanza kila baada ya saa moja siku ya kwanza, kisha mara moja kila siku kwa wiki mbili. Watazame pia ni lini ncha ya juu ya kila tofali inapolowa, na ni wapi fuwele nyeupe za chumvi zinapojitokeza. Maswali ya kujibu ni haya: Maji yametokea wapi katika kila tofali? Kama nta ingekuwa lipu ya saruji, na tofali lingekuwa ukuta wa shule, uharibifu ungeonekana mahali gani? Ni dawa ipi ifaayo kwanza: kupaka rangi, au kuyaondoa maji msingini?

Swali la mwisho ndilo lenye maana kuliko yote, kwa kuwa tiba ya kwanza ya jengo la kale haigharimu fedha nyingi. Ni mfereji wa paa usiovuja, mtaro unaoyapeleka maji mbali na msingi, na udongo uliorundikana ukutani kuondolewa. Baada ya hayo ndipo fundi huitwa.

Shule za Ilula, za Iringa na za mahali pengine popote zaweza kufanya kazi nyingine moja yenye faida: kuandika orodha ya majengo na minara ya kale iliyo karibu nazo, pamoja na mwaka wa kujengwa ikiwa wajulikana, vifaa vilivyotumika, mahali palipo na unyevu na nyufa, na masimulizi ya wazee kuhusu waliofanya kazi hiyo. Orodha kama hiyo, ikitunzwa na kurudiwa kila mwaka, huwa ushahidi wa kisayansi, nayo yaweza kupelekwa kwa wahusika wa mambo ya kale. Kalenga ilipobomolewa hapakuwa na aliyeweza kuizuia mizinga. Maji yapandayo ukutani yaweza kuzuiwa na yeyote aliyeelewa yanakotoka na yanakotaka kwenda.