Ng'ombe Kukonda Wakati wa Kiangazi: Kazi ya Bakteria wa Tumboni

Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, kiangazi huanza takriban mwezi Mei na kuendelea hadi Oktoba. Katika kipindi hicho mfugaji wa Mpanda huweza kumwona ng'ombe akirudi malishoni tumbo limejaa, ilhali mbavu zinahesabika. Wengi hudhani ni minyoo, na pengine ndivyo ilivyo. Mara nyingi, hata hivyo, wenye njaa ya kwanza ni bakteria waliomo tumboni mwake.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo, kama walivyo nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hawana kimeng'enya chao wenyewe cha kuvunja selulosi, yaani nyuzinyuzi ngumu za majani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria waishio katika tumbo la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa huchukua lita 100 na zaidi. Bakteria hao hujishikiza kwenye vipande vya majani yaliyocheuliwa na kutoa vimeng'enya vinavyozikata nyuzi hizo kuwa sukari. Sukari yenyewe mnyama haipati. Huliwa na bakteria, nao hutoa asidi zinazopenya ukuta wa tumbo na kuingia katika damu. Asidi hizo humpa mnyama takriban asilimia 70 ya nguvu zake. Hatimaye bakteria wenyewe husukumwa mbele na kumeng'enywa, wakawa protini yake. (Kiboko naye huchachusha majani katika tumbo la mbele, ingawa hacheui.)

Kimeng'enya nacho ni protini, na bakteria hawawezi kukiunda pasipo naitrojeni. Protini ya nyasi kavu ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vimeng'enya hupungua, majani hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hushindwa kula zaidi. Kwa sababu hiyo, kumwongezea mabua matupu hakumfai sana.

Wafugaji wanashauriwa kuwalisha bakteria hao kwanza. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri, au mashudu ya pamba au alizeti, hata kwa kiasi kidogo, huirudisha kazi hiyo. Urea pia hutumiwa na bakteria, lakini ikizidi, au mnyama akiinywa katika maji, huua. Isitumike bila maelekezo ya Afisa Mifugo. Aidha, mahindi mengi kwa ghafla hulitia tumbo asidi kali inayowazuia bakteria wa selulosi kufanya kazi, hivyo chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hivi.