Bolti Iliyokatikia Ndani ya Bloku

Ukimuuliza utingo kwa nini ile gari ya 502 ya Bububu haijaonekana wiki nzima, akakujibu "bolti imekatikia ndani ya bloku", usidhani anakuzuga. Kitu chembamba kuliko kidole chako cha mwisho, bei yake ndogo kuliko sahani ya chipsi mayai, kinaweza kuilaza gari ya abiria siku kadhaa. Nyumbani kwetu siku hizo zina hesabu yake, maana Hiace ya ami yangu ndiyo inayolipa ada yangu na ya binamu yangu.

Gari yenyewe ilianza kuvujisha maji kwenye wota pampu, tena karibu na mitihani. Fundi wa kwanza alifungua bolti tatu bila tabu. Ya nne ikagoma. Akachomeka paipu kwenye mkono wa spana, akavuta. Ikalia "kap!", kichwa kikabaki mkononi na mwili ukabaki ndani ya bloku.

Hapa fizikia ya skuli inatosha kueleza. Bolti ya kawaida ya milimita 8, ile inayofunguliwa kwa spana namba 12 kwenye Toyota nyingi, hukazwa kwa nyutoni-mita 25 hivi. Kwa spana ya sentimita 20, mkono wako unavuta kama unanyanyua kilo 13. Ukirefusha kwa paipu mpaka ifike mita moja, mkono uleule unatoa nguvu mara tano. Kitu lazima kiachie, na kutu ikikataa, kinachoachia ni chuma.

Lakini ile bolti haikuanza kufa siku hiyo. Chuma kikishika kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa kizima, na ndani ya tundu hakuna nafasi, kwa hiyo kutu inabana kama kabari. Sisi tupo kisiwani, upepo wenyewe una chumvi. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe, na visima vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi. Maji hayo hayo ndiyo wengine wanayotia kwenye rejeta kwa kubana matumizi, wakaacha kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Ongeza kwamba gamba la wota pampu mara nyingi ni alumini na bolti ni chuma: metali mbili, maji ya chumvi katikati. Mtu wa kemia atakwambia hiyo ni betri ndogo. Alumini inaliwa polepole, unga mweupe unajaa pembeni ya bolti na kuibana zaidi.

Tukaivuta gari mpaka Mwanakwerekwe kwa mzee mmoja ambaye kazi yake hasa ni hizi bolti. Kwanza hakugusa chombo. Alifuta, akamulika tochi, akaangalia. Kama kipande kingekuwa kimechomoza angekibana kwa plaizi ya kujifunga. Chetu kilikuwa usawa na uso wa bloku. Akachanganya mafuta ya giaboksi na asitoni, ileile wanayofutia rangi ya kucha, akadondoshea pembeni ya bolti na kugonga kidogo kwa nyundo. Asitoni ni nyepesi mno, inapenya na kuyabeba mafuta. Pia inashika moto haraka, kwa hiyo siku hiyo hakuna cheche wala sigara. Tukaambiwa turudi kesho.

Kesho yake alifuta kila kitu kikakauka, akavua waya za betri, akaweka nati juu ya kile kipande na kuchomelea kupitia tundu la nati mpaka vikashikana. Watu wengi wanadhani faida ni kupata kichwa kipya cha kushikia spana. Mimi naona faida kubwa ni joto. Bolti inapopata moto inatanuka, lakini bloku kubwa la baridi linaizuia, kwa hiyo inaiponda ile kutu. Ikipoa inasinyaa na kuacha mwanya mdogo sana, na mafuta yanapata pa kupita. Ndiyo maana alisubiri ipoe ndipo akashika spana. Nati ya kwanza iling'oka. Akachomelea ya pili. Safari hii hakuvuta upande mmoja: kidogo kulegeza, kidogo kukaza, mafuta, tena. Ilitoka ikilia kama mlango wa zamani wa Mji Mkongwe.

Ingekataa kabisa, ilibaki kutoboa. Hapo ndipo bloku huharibiwa. Lazima upige alama katikati hasa, uanze na sindano nyembamba ya drili, kisha upande mpaka milimita 6.8, usifike kwenye hesi za bloku lenyewe. Ukienda pembeni kidogo tu, umekula bloku. Kuna na kile kitoleo cha hesi za kinyume, kinachoingizwa ndani ya tundu na kuzungushwa. Kinauzwa rahisi na kinavutia. Lakini ni chuma kigumu kinachovunjika kama kigae, na kikivunjikia mle, drili ya kawaida inateleza juu yake. Kuanzia hapo unazungumzia karakana yenye mashine kubwa, au bloku la mtumba kutoka Gerezani, Dar, lije kwa boti. Ndiyo maana kwangu kitoleo ni cha mwisho kabisa, baada ya nati ya tatu au ya nne.

Mzee alisafisha hesi kwa tepu, akapuliza vumbi, akakataa kurudisha hata zile bolti tatu nzima. Zote nne zikawa mpya, zikakazwa kwa spana ya kipimo. Gari ilirudi barabarani Jumatano. Rejeta sasa ina kulanti, na ami hataki kuiona ndoo ya kisima karibu na boneti.