Konje: kila mutu na roho yake

Kila mwaka, wakati liste ya konje inatoka mu biro, sisi badelege ba sendika tunapokea magomvi mawili: ya kazini na ya nyumbani. Ya kazini iko na sheria. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mutumikaji mukubwa walau siku 1 ya konje kwa kila mwezi wa kazi, na siku 1 inaongezeka kila miaka 5. Ya nyumbani haina sheria.

Mu ekipe yetu kuko ndugu mumoja wa kutoboa mawe chini ya udongo. Konje ikifika, anachukua ndoano na kwenda Tshangalele, ile ziwa yenye ilizaliwa na barrage ya Mwadingusha juu ya muto Lufira. Anakaa pale na bavuvi, hasemi neno. Bibi yake akakuja kwetu na machozi: «Anatukimbia.» Tukabaita wote wawili, tukakaa chini ya muti wa maembe. Bwana akasema: «Mwaka muzima mashine inanipigia makelele mu masikio. Mimi natafuta kimya.» Mama naye: «Mwaka muzima niko mu lupango, peke na batoto. Mimi natafuta batu, ndoa, ngoma, Lubumbashi!»

Nani mwenye makosa? Hatukumuona.

Kuko na wengine. Moja hawezi kukaa. Alienda mpaka Kundelungu juu ya kuona maji ya Lofoi inaanguka zaidi ya metre 300, akarudia na viatu vimepasuka, anacheka. Mwingine anakaa mulangoni, anasalimia kila mupita njia, na kwake ile ni safari. Lakini yule anayeendesha motere ya watu siku zote za konje, tusiseme ni tabia yake. Ile ni mushahara mudogo, na tutaisema kwa mukubwa wa kazi, hapana kwa bibi yake.

Bale wawili ba Tshangalele balipatana hivi: siku 5 ku ziwa, wote pamoja, mama ananunua samaki ya kukauka, kisha siku 5 Lubumbashi kwa dada yake, na kule samaki inauzwa, inalipa barabara. Siku 2 zilibakia za kutengeneza paa ya nyumba.

Mwaka huu bwana alikuja kuandikisha tarehe yake. Mama alikuwa nyuma yake, na kalandari mu mukono.